Nyonga, Nyongo

Ofisi yetu hapa Tukuyu ina dirisha moja,
na dirisha hilo lina mvua
kama kikombe kilivyo na chai.

Navaa spika za masikioni, nakanyaga pedali,
sauti ya Daktari Mwasanguti inaingia
imetoka zamu ya usiku,
inatafuna andazi katikati ya ripoti.
Kazi yangu ni kuandika alichosema.
Siyo alichotaka kusema.
Siyo ninachodhani.

Wiki ya kwanza niliandika haipa palipokuwa na haipo.
Presha ya mama mmoja wa Kyimbila ilikuwa chini kabisa;
kwenye karatasi yangu ikapanda mlima Rungwe.
Sista Atuganile alinirudishia jalada bila kelele,
kidole chake juu ya herufi moja.
"Haipo ndiyo ya chini," akasema.
"Shika hivi: presha ikishuka sana,
mwisho wake haipo."

Tangu siku hiyo nina daftari.
Naandika humo kama mwenye duka anavyoandika madeni:

Kibofu hutunza mkojo. Kipofu hutunza njia kichwani.
Kifaduro hukohoa, kifafa huangusha.
Pumu ni ya kifua. Ongeza b moja tu
ugonjwa unashuka chini ya mkanda,
na mchungaji Mwakajila hanisalimii hadi leo.
Uti, na ile wanayoiita yutiai:
herufi tatu zilezile,
moja ina mifupa, moja ina mkojo.
Kulia.
(Hapa sijaandika kitu.)

Leo saa nane:
"Bibi Syabumi, miaka sabini na kitu,
siku ya tatu ana maumivu ya nyong—"
na bati likapokea mvua yote ya wilaya.

Narudisha nyuma. Nyong.
Narudisha. Nyong, kisha mvua, kisha andazi.
Mara saba. Irabu imesombwa na maji.

Gwamaka, meza ya pili, hainui hata kichwa:
"Bibi wa umri huo? Nyonga. Andika twende nyumbani."
Na kweli, bibi wa milima hii ni nyonga,
miaka hamsini ya kupanda na mkungu kichwani.
Kidole changu kiko juu ya a.
A ni rahisi, a iko karibu,
a itampeleka eksirei akapigwe picha ya mfupa mzima
huku kitu kingine kikiiva ndani.

Naweka nukta tatu.
Nakata jani la mgomba, najifunika, nateremka wodini.

Daktari yuko chumba cha upasuaji. Nangoja mlangoni,
maji yakinidondoka kisogoni, najiona mjinga:
mtu mzima, kutembea kwenye mvua kutafuta herufi.
Kitanda cha tisa, bibi ananitazama.
"Ugonile," namwambia, ingawa ni alasiri.
Anacheka kidogo, halafu hachekI tena;
kiganja chake kimebonyea chini ya mbavu,
mbali kabisa na nyonga.
Sisemi neno. Mimi si daktari.

Daktari anatoka, barakoa shingoni.
"Nyongo," anasema. "Si nilisema nyongo?"
"Hukusema, Daktari. Mvua ilisema."
Ananiangalia, anaangalia jani la mgomba,
anaomba kalamu, anaandika mwenyewe
kwa mwandiko ambao, Mungu amsamehe,
nao nimemwomba anisomee.

Nimerudi. Gwamaka ameshaondoka.
Nimefuta nukta, nimeandika o:
ndogo, ya mviringo,
kama kijiwe chenyewe ndani ya kifuko.

Halafu daftari. Pale palipokuwa wazi:
Kulia. Uliza kama ni upande au ni machozi.
Kitanda cha tisa, yote mawili.